Faili la DWG linaganda, limenenepa na hachi inakataa: je, nianze upya?

Swali limetoka kwa dada mmoja mchoraji wa Jinja. Nimelifupisha kidogo:

"Habari mwalimu. Nachora katika ofisi ndogo ya wasanifu hapa Jinja. Nina mchoro wa jengo la ghorofa tatu kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta. Juzi nilikuwa nasevu moja kwa moja kwenye flashi, Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikaisha, kompyuta ya mezani ikazima palepale. Sasa faili mara linaganda wakati wa kufunguka, mara naambiwa si faili halali. Hata kabla ya hapo lilikuwa likinitesa: jengo ni dogo lakini faili limefika MB 46. Nikinakili vyoo kuvipeleka kwenye mchoro mwingine nasubiri dakika nzima, na huo mchoro mwingine nao unanenepa. Hachi (mistari ya kujaza eneo) ya maegesho ndiyo inakataa kabisa. Mchoro wa mpima ardhi niliubandika humohumo, nikaukuza mara 1000 ili ulingane na milimita zetu. Mhandisi wa miundo anasubiri faili. Nianze upya?"

Usianze upya, dada. Na usilifungue tena hilo faili mpaka umalize kusoma aya mbili zinazofuata, kwa sababu kila ukifungua na kusevu unaweza kufuta nakala ambayo ingekuokoa. Una matatizo matatu yaliyokutana kwenye faili moja, kila moja na chanzo chake. Lililokutia hofu, la Yaka kuisha, huenda ndilo jepesi kuliko yote. Unene ni habari nyingine. Hachi kukataa wala si ubovu wa faili. Kunatokana na mahali ulipouweka mchoro. Watu huyachanganya haya matatu, wakapiga RECOVER, amri ya kuokoa faili, asubuhi mpaka jioni wakitarajia itatibu yote.

Anza na nakala. Chukua kila kitu chenye jina la mchoro huo kwenye flashi, yaani .dwg (mchoro wenyewe) na .bak iliyo pembeni yake, uvinakili kwenye folda mpya ndani ya diski ya kompyuta. Folda hiyo usiiguse tena. Utafanya kazi kwenye nakala ya nakala. Kama huioni .bak, huenda Windows inaficha herufi za mwisho wa majina ya mafaili, basi ziwashe zionekane. AutoCAD kila inaposevu huigeuza .dwg iliyotangulia kuwa .bak, kwa hiyo .bak yako kwa kawaida ni mchoro ulivyokuwa kabla ya kusevu kwa mwisho. Ubaya wake ndio huu: ukifungua faili bovu, likafunguka nusu, ukasevu, lile bovu linachukua nafasi ya .bak, na nzima imekwenda. Badilisha jina la nakala ya .bak liishie na .dwg, kisha ufungue. Wengi huishia hapa, wakapoteza kazi ya saa moja tu.

Kama .bak nayo ni mbovu au ni ya zamani mno, tafuta faili linaloishia na .sv$. Hilo ni la kusevu kwa kujiendesha, ambako kwa kawaida hufanyika kila dakika 10. Halikai kwenye flashi. Andika SAVEFILEPATH kwenye mstari wa amri, AutoCAD itakutajia folda. Faili hilo hufutwa ukifunga mchoro kwa utaratibu, ila kompyuta ikizimika ghafla hubaki. Linakili, libadilishe liishie na .dwg, lifungue. Amri ya DRAWINGRECOVERY nayo hukuorodheshea michoro iliyokuwa wazi wakati wa kuzimika pamoja na nakala zake, ili uchague iliyo nzima.

Sasa hilo faili linaloitwa si halali. Kabla ya kulitibu, liulize lenyewe ni nini. Fungua nakala yake kwa Notepad, programu ileile ya kuandikia maandishi ya kawaida. Utaona takataka za alama, lakini herufi sita za mwanzo kabisa zinasomeka: AC1032 ni umbo la 2018, AC1027 ni la 2013, AC1024 ni la 2010, AC1021 ni la 2007. Ukiona AC1032 na programu yako ni ya zamani kuliko 2018, faili halina ubovu wowote, ni jipya tu kuliko programu yako. Libadilishe kwa DWG TrueView, ambayo ni ya bure. Ukikuta badala ya herufi hizo pana nafasi tupu kutoka juu hadi chini, ingawa ukubwa wa faili unaonekana wa kawaida, basi umeme ulikatika baada ya Windows kutenga nafasi na kabla maandishi hayajafika. Humo hamna mchoro wa kuokoa. Usipoteze mchana wako, na usimlipe mtu anayekuahidi kuurudisha kutoka ndani ya faili hilo, rudi kwenye .bak na .sv$.

Herufi zikiwepo, fungua mchoro mtupu, andika RECOVER, uchague nakala. Ipe muda. Faili la MB 46 kwenye kompyuta ya kawaida linaweza kuonekana limekufa kumbe linahesabu, hivyo tazama Task Manager: kama kumbukumbu inapanda na kushuka, iache. Likifunguka, piga AUDIT, amri ya kukagua makosa, jibu Y utakapoulizwa kama makosa yarekebishwe, na urudie mpaka iseme makosa ni sifuri. Sevu kwa jina jipya. Kama mchoro una mingine iliyoambatishwa kwa XREF (mchoro wa nje unaounganishwa bila kubandikwa ndani), tumia RECOVERALL, inapita na hiyo pia.

RECOVER ikishindwa, njia ninayoipenda ni ya mlango wa nyuma: kwenye mchoro mtupu, uingize faili bovu kama bloku (kundi la vitu lenye jina moja) kwa amri ya INSERT. Mara nyingi vilivyochorwa huingia na uozo uliokuwa kwenye vichwa vya faili hubaki nje. Au jaribu PARTIALOPEN, ufungue leya (matabaka ya mchoro) chache chache. Ukigundua ni leya ya samani ndiyo inayogandisha, chukua zilizobaki kwa WBLOCK, amri ya kuandika vitu kwenye faili jipya, na samani uzipange upya. Kupeleka kwenye DXF (umbo la kubadilishana michoro) na kurudi husaidia pia, ingawa baadhi ya vitu hubadilika njiani, kwa hiyo hiyo iwe ya mwisho. ODA File Converter, ya bure pia, ina sehemu ya kukagua na kurekebisha faili linapobadilishwa, na nimeiona ikifungua yaliyokataa kwingine.

Kipimo kimoja kidogo kabla ya hayo yote: fungua mchoro mwingine kwenye kompyuta hiyohiyo. Nao ukiganda, shida ni ya mashine, pengine kadi ya picha. Piga GRAPHICSCONFIG uzime msaada wake uone. Au mpangilio wa kuchapisha unatafuta printa ya ofisini ambayo haijawashwa, na AutoCAD inaisubiri.

Tuje kwenye unene. Hapa barua yako imenipa dalili nzuri kuliko unavyodhani: kunakili ni kwa pole pole, na kila unapobandika panaambukizwa. Jengo lenye mistari mingi halifanyi hivyo. Kinachofanya hivyo ni uchafu usioonekana ulioandikwa ndani ya faili, nao unapenda kusafiri na bloku. Washukiwa wangu ni wawili, na nadhani wote waliingia na mchoro wa mpima ardhi.

Wa kwanza ni majina ya programu zilizowahi kuugusa mchoro, ambayo AutoCAD inayaita Regapps. Kila programu ya upimaji au ya barabara iliyopita humo iliacha saini yake, na saini hizo hukusanyika kwa maelfu. PURGE ya kawaida, amri ya kufagia visivyotumika, huziacha. Andika hivi, pamoja na kistari cha mwanzo:

-PURGE, Enter
R, Enter
*, Enter
N, Enter

Hiyo N ya mwisho inaiambia isikuulize kila jina. Ukiisahau utaketi hapo unabofya mpaka jua litue.

Wa pili ni mabaki ya aina za mistari kutoka DGN, yaani mafaili ya MicroStation. Kampuni za barabara hutumia sana programu hiyo. Mpima akichukua mchoro wa barabara akauingiza kwenye wake, aina za mistari huja na mlolongo wa vipande ambavyo haviitwi na chochote, na hujizidisha kila ukinakili na kubandika. Kwenye AutoCAD za miaka ya karibuni, rudia -PURGE lakini badala ya R andika O, ambayo ni data isiyo na mwenyewe. Kisha PURGE ya kawaida, uchague zote. Kisha AUDIT. Kisha sevu, ndipo uangalie ukubwa. Kabla ya kusevu hautabadilika.

Orodha ya vipimo vya ramani nayo hujaa kimyakimya. Piga -SCALELISTEDIT, R, Y, E, irudi kwenye ya kawaida.

Baada ya hapo, faili likibaki nene, lawama ni ya vitu vinavyoonekana. Kila mchoro wa nyumba Uganda hii una Prado ileile imeegeshwa mbele na michikichi miwili kando ya geti, vyote vimetolewa mtandaoni, na ile michikichi peke yake ina mistari mingi kuliko nyumba. Ifute. Mwenye nyumba ataipanda mwenyewe. Picha ya hati ya kiwanja uliyoibandika kwa kunakili kutoka Word inakaa nzima ndani ya faili. Iambatishe kama picha kwa IMAGEATTACH. PDF iliyogeuzwa kuwa mistari huacha herufi zimevunjika vipandevipande. OVERKILL huondoa mistari iliyolaliana, lakini iache iwe kwenye kiwango chake cha awali cha uvumilivu, na usiipitishe kwenye mistari ya mpaka wa kiwanja, maana mpaka si wako wa kurekebisha.

Jambo moja tu: safisha na mchoro wa mpima wenyewe, tena kabla ya jengo. Ukisafisha jengo kisha ukabandika kipande kingine kutoka kwa mpima, umerudi ulikotoka.

Na hachi. Weka kishale kwenye kona yoyote ya kiwanja usome namba. Wapima wetu wengi hutumia Arc 1960, UTM kanda ya 36, yaani mfumo wa namba za kutaja mahali ardhini. Jinja iko mashariki kidogo ya mstari wa kati wa kanda hiyo, digrii 33, ambao umepewa thamani ya mita 500,000. Kwa hiyo mji wako unaangukia karibu mita 522,000 kwa mashariki na mita 47,000 hivi kutoka ikweta. Ulipokuza mara 1000, kona ya kiwanja ikawa kwenye milimita milioni 522. Jengo lako limejengwa kilomita 500 na ushee kutoka sifuri ya mchoro.

AutoCAD yenyewe hutunza namba kwa tarakimu 15 au 16, na hiyo yatosha kuliandika jengo bila kulipotosha. Lakini kadi ya picha kwa kawaida huchora kwa tarakimu 7 hivi. Kwenye milioni 522, hatua ndogo kabisa inayoweza kuitofautisha ni milimita 32. Ndiyo maana mduara huonekana una kona, mistari hutetemeka ukisogeza, na kishale hakikai pale unapotaka. Hesabu za kutafuta mpaka wa hachi nazo hutegemea tofauti ndogo kati ya namba kubwa, na tofauti hizo ndizo zinazopotea. Wala usidhani ungepona kwa kubaki kwenye mita: kwa mita 522,000 hatua ni ileile, sentimita tatu. Tatizo ni umbali kutoka sifuri, vyovyote utakavyoupima. Wenzako wa Masaka wana hali mbaya zaidi. Ukishavuka ikweta pale Kayabwe, kanda inahesabiwa kama ya kusini, ambayo huanza na milioni 10 kwenye ikweta na kushuka, hivyo kiwanja cha Masaka kinasoma kaskazini karibu mita 9,962,000. Mpima mmoja akifanya upande huu na mwenzake upande ule bila kuambiana, viwanja viwili vya jirani vinaachana kilomita 10,000.

Tiba ni kutenganisha. Kwenye faili la jengo, futa kabisa ule mchoro wa mpima uliobandika, baada ya kuchagua jiwe moja la mpaka na kuandika namba zake halisi kama maandishi ndani ya mchoro. Washa leya zote, zilizogandishwa uziyeyushe na zilizofungwa uzifungue, kwa sababu ALL haichukui vilivyogandishwa wala vilivyofungwa. Ukiruka hatua hii, nusu ya jengo itabaki kilomita 500 nyuma. Halafu MOVE, ALL, kutoka namba za jiwe lile (za milimita, kama zilivyosomeka kwenye mchoro huu) hadi 0,0. Piga ZOOM, E. Jengo likijaa skrini, sawa. Likionekana kama nukta, kuna kitu kimebaki mbali, kitafute ukifute. Madirisha kwenye karatasi zako za kuchapisha yatakuwa bado yanatazama mahali pa zamani, kwa hiyo uyaelekeze upya, moja baada ya jingine. Inachosha, lakini ni mara moja tu.

Ramani ya kiwanja ifanye faili la tatu. Humo uambatishe jengo na mchoro wa mpima, vyote kwa XREF, usogeze wa mpima mpaka jiwe lile liangukie 0,0. Faili lake lenyewe usilisogeze hata inchi. Siku ya kuhamishia pembe za jengo ardhini, namba halisi zitatoka humo.

Mtego mmoja upo kwenye vipimo. Kama INSUNITS (kipimo ambacho mchoro unahesabiwa kwacho) ya mpima ni mita na yako ni milimita, AutoCAD humkuza mara 1000 yenyewe wakati wa kuambatisha. Wewe ukikuza tena, kiwanja kinakuwa mara milioni. Pima kwa DIST kati ya mawe mawili, ulinganishe na umbali ulioandikwa kwenye hati ya upimaji. Usiamini macho.

Kuhusu flashi. Ni ya kubebea, si ya kufanyia kazi. Sevu kwenye diski ya ndani kisha nakili. Pia angalia kama kwenye folda ya flashi kuna acad.lsp, acaddoc.lsp au acad.fas ambazo hukuziweka wewe. AutoCAD inaweza kuyaendesha mafaili hayo mchoro unapofunguliwa, na virusi hupita humo. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilieleza kirusi kimoja, ACAD/Medre.A, kilichoenea hasa Peru, kikiwa kinatuma michoro ya watu kwa barua pepe hadi China. Acha SECURELOAD, kinga dhidi ya mafaili kama hayo, iwe imewashwa hata kama inakusumbua na maswali. Shusha SAVETIME (dakika kati ya kusevu kwa kujiendesha) iwe 5, weka ISAVEPERCENT iwe 0 ili kila kusevu kuandike faili zima badala ya viraka, na mwambie bosi wako kwamba UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) ni nafuu kuliko wiki yako moja.

Mhandisi umpelekee kwa ETRANSMIT, inayokusanya mchoro, viambatisho, fonti na mpangilio wa kalamu kwenye kifurushi kimoja. Muulize kwanza anatumia toleo gani. Kama ni la 2013 hadi 2017, chagua umbo la 2013 humohumo; kama ni la zamani zaidi, chagua umbo la zamani zaidi. Ukimpa boda flashi yenye .dwg tupu, atakupigia simu jioni kusema kuta hazionekani.

Ukikwama kwenye RECOVER, niandikie herufi sita za mwanzo, ukubwa wa faili, na idadi ya makosa ambayo AUDIT imetaja. Mchoro wenyewe usinitumie bado.